BATI LINAKUPIKA WEWE NA MAFUNDI WAKO: namna ya kupunguza joto la gereji kabla hujanunua feni nyingine



Leo tuongelee joto la bati. Siongelei joto la nje, hilo ni la Mungu na sote tunalo. Naongelea lile la ndani ya banda. Ukitoka nje ukasimama kwenye kivuli cha mwembe unapata nafuu, ukirudi ndani unajuta kwanini umerudi. Kama gereji yako iko hivyo, yaani kivulini nje ni afadhali kuliko ndani, basi tatizo sio Dar. Tatizo ni paa lako, na paa linarekebishika.

Somo hili ni la mwenye gereji, lakini anayeuza spea, fundi seremala, mchomeleaji na anayefanya kazi kwenye kontena pia asome. Bati ni lile lile.

HESABU KWANZA

Chukua gereji ya kawaida ya hapa Dar. Banda la mita 5 kwa 8, kuta za tofali, juu bati geji 30, mbele geti. Paa lake ni kama mita za mraba 40 na kidogo.

Jua la saa sita mchana bila mawingu linashusha karibu wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Zidisha mara 40. Unapata wati 40,000, sawa na pasi 40 za wati 1,000 zimewashwa kwa pamoja juu ya vichwa vya mafundi wako. Sio zote zinaingia ndani. Nyingine bati linazirudisha juu, nyingine zinabebwa na upepo. Lakini hata zikibaki pasi 5 tu ndani ya banda, feni haiziondoi. Feni inazizungusha.

Na sisi wa Dar jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Ndio maana ukuta hausaidii sana saa sita mchana. Linalopigwa ni paa.

Sasa iweke kwenye pesa. Tuseme kuanzia saa 7 mchana mpaka saa 10 jioni mafundi wako wanafanya nusu ya kazi kwa sababu ya joto. Hiyo ni saa moja na nusu inayopotea kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni saa 39. Kama siku yako ya kazi ni saa 10, umepoteza karibu siku 4 kila mwezi, na mshahara umelipa, kodi ya fremu umelipa. Bado hatujahesabu kazi inayorudiwa kwa sababu fundi alikaza bolti huku jasho linaingia machoni.

Na mzigo nao unaharibika. Betri za gari ambazo hazijauzwa zinachoka haraka kwenye joto. Kwa makadirio ya wanaojua betri, joto likizidi kwa nyuzi 10 uhai wa betri unapungua karibu nusu. Sulusheni ya kuzibia pancha inakauka kwenye kopo. Mpira unakakamaa. Wewe unadhani umeuziwa spea mbovu, kumbe umezihifadhi kwenye oveni.

JOTO LINAINGIA KWA NJIA MBILI

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo twende taratibu.

Njia ya kwanza ni mionzi ya joto. Kaa pembeni ya jiko la mkaa, sio juu yake, pembeni. Hewa haijachemka lakini mguu wako unaungua. Sasa weka sinia katikati ya mguu na jiko. Joto linakatika hapo hapo. Bati lako ni jiko lililogeuzwa juu chini. Bati chakavu kwenye jua kali linaweza kufika nyuzi 60 na zaidi, na linakutupia hilo joto moja kwa moja kichwani hata kama hewa imetulia.

Njia ya pili ni hewa iliyonaswa. Hewa ya moto inapanda juu. Ikifika chini ya bati ikakosa pa kutokea inakaa hapo, inajaa, inashuka kidogo kidogo mpaka inafika usawa wa uso wako. Banda likiwa fupi ndio mbaya zaidi.

Njia hizi mbili zina dawa tofauti. Ukitoboa matundu huku bati linaendelea kukutupia mionzi, umepata nusu ya nafuu. Ukiweka dari halafu hewa haina pa kutokea, nayo ni nusu. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, jua ugonjwa wako ni upi.

PIMA MWENYEWE, NI BURE

Kipimo cha boksi. Saa 8 mchana simama katikati ya banda, feni imezimwa. Shika kipande cha boksi juu ya kichwa bila kukigusisha na nywele. Subiri kidogo, kitoe, kirudishe. Kama ukikiweka unahisi nafuu ya haraka kichwani na mabegani, unapigwa na mionzi ya bati. Dawa yako ni kuzuia jua na kuweka kizuizi chini ya bati.

Kipimo cha udi. Washa kijiti cha udi, kipandishe kwa ngazi mpaka karibu na kofia ya bati pale juu kabisa. Angalia moshi. Ukitoka nje haraka, hewa yako inapita. Ukining'inia na kuzunguka hapo hapo, hewa imenaswa. Chunga: usifanye hivi karibu na petroli, rangi, tina au betri inayochajiwa.

Ukiweza tafuta kipimajoto cha kawaida. Pima mahali patatu saa 8 mchana: nje kivulini, ndani usawa wa kichwa, na ndani chini ya bati. Andika kwenye daftari. Utarudia baada ya kila hatua ili ujue pesa yako imefanya kazi au umepigwa.

Sasa tuingie kwenye hatua. Mimi nauza rangi na misumari, kwa hiyo ningependa uanze na rangi. Usianze na rangi. Anza na hiki hapa chini ambacho hakikutoi pesa nyingi.

HATUA YA 1: MPE JOTO MLANGO WA KUTOKEA

Kanuni ni moja tu: hewa iingie chini, itoke juu. Tundu la chini peke yake halitoshi, na la juu peke yake halitoshi. Ni kama kopo la maziwa. Ukitoboa tundu moja yanatoka kwa shida, ukitoboa mawili yanamiminika.

Wenye gereji mna bahati. Geti likiwa wazi kutwa nzima tayari mna tundu kubwa la chini. Kinachokosekana mara nyingi ni la juu. Njia tatu za kulipata:

a) Kunyanyua kofia ya bati. Pale mabati ya pande mbili yanapokutana juu, fundi anaondoa kofia na kuirudisha ikiwa imenyanyuliwa sentimita 10 juu ya vipande vya mbao au chuma. Kwa banda la mita 8 unapata uwazi wa mita 8 mara sentimita 10 mara pande mbili, ambao ni mita ya mraba 1.6. Hiyo ni kama mlango wa chumbani, upo juu kabisa mahali joto linapojaa. Masharti: kofia mpya iwe pana, ipite uwazi kwa sentimita 30 kila upande ili mvua ya masika isiingie kirahisi. Ifungwe kwa bolti na nati, sio misumari tu, maana upepo utaitafuta. Weka wavu wa kuzuia ndege na popo. Na usiweke mashine ya umeme chini yake moja kwa moja, kwa sababu mvua ya upepo haina adabu.

b) Matundu juu ya ukuta wa nyuma. Kama paa lako lina mteremko mmoja tu, upande wa juu kabisa chini ya bati toa tofali kadhaa uweke tofali za matundu, au acha uwazi na ujaze nondo na wavu. Nondo ni muhimu, usiwape wezi dirisha la bure. Hapa mwite fundi ujenzi, na usiguse lenta wala nguzo.

c) Yale mapira ya bati yanayozunguka yenyewe kwa upepo, unayoyaona juu ya magodauni. Yanafanya kazi bila umeme. Ila upepo ukitulia na yenyewe yanatulia, yanabaki kuwa tundu tu. Moja kwa banda zima halitoshi. Kama pesa ni ya kuchagua, kofia iliyonyanyuliwa inakupa uwazi mkubwa zaidi.

Kuhusu upande: pwani tuna kaskazi inayovuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia kama Desemba hadi Machi, na kusi inayotoka kusini mashariki katikati ya mwaka. Miezi yetu ya joto kali ni ya kaskazi. Kwa hiyo kama una nafasi ya kuchagua, tundu la chini liwe upande ambao kaskazi inaingia, na la juu liwe upande wa pili.

Kama banda lako linafungwa mbele, mfano fremu ya spea yenye mlango mmoja mdogo, lazima utoboe na chini. Makadirio ya kuanzia: uwazi wa chini ulingane na wa juu. Ukiwa na mita ya mraba 1.6 juu, chini unaweza kuweka matundu 8 ya sentimita 40 kwa 50. Jumla inatoka ile ile.

Halafu kuna jambo ambalo sio la joto tu, ni la uhai. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujikusanya sakafuni na kwenye shimo la kukagulia magari. Gesi inayotoka kwenye betri ikichajiwa ni nyepesi, inapanda na kujaa chini ya bati. Zote mbili zinahitaji cheche moja tu. Moshi wa injini inayoungurumishwa ndani nao una sumu isiyo na harufu, mtu anaanza na kichwa kuuma, anafuatia kuzimia. Matundu ya chini na ya juu yanasaidia kwenye yote hayo. Lakini hata ukiwa nayo, injini ijaribiwe nje, betri zichajiwe karibu na uwazi, na hakuna kuchomelea karibu na petroli.

HATUA YA 2: MZUIE JUA AKIWA BADO NJE

Joto rahisi kulishinda ni lile ambalo halijaingia. Bati lenye kutu au la rangi iliyokolea, kama nyekundu nzito au bluu, linameza sehemu kubwa ya jua. Bati lililopakwa rangi nyeupe na likiwa safi linarudisha karibu asilimia 70 hadi 80. Yaani bati lile lile, geji ile ile, umebadilisha rangi tu.

Namna ya kupaka ili isibanduke baada ya masika moja:

- Sugua kutu kwa brashi ya waya. Palipooza kabisa badilisha bati, rangi haizibi tundu.
- Osha vumbi na mafuta kwa sabuni ya unga, suuza, acha ikauke kabisa.
- Penye kutu pakaa praima ya kuzuia kutu, ile nyekundu.
- Bati la zinki linalong'aa linahitaji praima yake. Mwambie muuzaji ni ya bati la zinki. Rangi ya mafuta ukiipaka moja kwa moja kwenye zinki inabanduka kama ganda la kitunguu.
- Juu pakaa nyeupe ya maji ya nje, mikono miwili. Sio ile ya ndani.

Kiasi: lita moja inapaka kama mita za mraba 8 kwa mkono mmoja. Paa la mita 40, ukiongeza mteremko na mawimbi ya bati, hesabu 48. Mikono miwili ni 96. Gawa kwa 8, unapata lita 12. Ndoo moja ya lita 20 inatosha na inabaki ya kupaka ukuta wa magharibi, ule unaopigwa na jua la jioni.

Chokaa je? Ni nyeupe na ni rahisi, lakini mvua inaiosha, na chokaa ikilowa inakula ile zinki inayolinda bati. Na wale wanaoongeza chumvi kwenye chokaa ili ishike, chumvi na bati havipatani. Utaokoa rangi ununue bati.

Kumwagia maji paa mchana? Nafuu inakuja na kuondoka, bili ya maji inabaki, na kutu inakushukuru.

Njia nyingine ni paa juu ya paa. Unasimamisha fremu nyepesi juu ya bati, unatandika neti ya kivuli ile ya bustani, ukiacha upepo upite katikati. Hii inafaa sana kwa kontena, maana kontena ni bati pande zote. Hakikisha imefungwa vizuri na fundi ameangalia kama paa linabeba.

Mabati yanayopitisha mwanga yana faida, yanakuokolea taa. Lakini yanapitisha na jua. Weka machache, na yasiwe juu ya mahali fundi anaposimama kutwa.

Tahadhari mbili. Kupanda ni asubuhi, kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 3, bati likiwa poa na kavu. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, hapo chini ndipo papi zilipo, ukikanyaga katikati utaingia ndani bila hodi. Ya pili: kama jengo ni la zamani na paa ni la asbesto, usisugue wala usitoboe. Vumbi lake linaua mapafu polepole. Kazi hiyo ni ya watu wenye vifaa.

HATUA YA 3: WEKA KIZUIZI KATI YA BATI NA KICHWA

Wazee wetu walilijua hili. Makuti yanapoza kwa sababu yamejaa hewa katikati ya majani na yanapumua. Tembe ya Wagogo kule Dodoma inapoza kwa sababu ya udongo mzito juu. Bati halina hewa katikati wala halina uzito, ni ngozi nyembamba tu. Kwa hiyo ni lazima ulitafutie msaidizi.

Foili. Hii ni karatasi inayong'aa kama ya kufungia chakula ila ni nene, nyingine ina mapovu ndani kama ya kufungashia vyombo. Kazi yake ni kukata ile mionzi. Uso wake unaong'aa unatoa takriban asilimia 5 tu ya mionzi ambayo uso wa kawaida ungetoa. Lakini ina sharti ambalo mafundi wengi wanaliruka: isigusane na bati. Ikigusana, joto linapita moja kwa moja kama sufuria kwenye jiko. Acha nafasi ya sentimita 2 au zaidi. Ikiwa inang'aa upande mmoja tu, upande huo uangalie chini, maana ukiangalia juu utajaa vumbi na kazi itaisha. Kumbuka foili inapitisha umeme. Zima swichi kubwa kabla ya kuifunga, na nyaya zote ziwe ndani ya bomba.

Dari ya jipsamu au silingi bodi. Inafaa kwenye duka la spea, ofisi ya gereji, sehemu ya mteja kukaa. Usiishushe sana, mita 2.7 kwenda juu ndio salama. Na ile nafasi kati ya dari na bati lazima ipumue: acha matundu yenye wavu kwenye fisha bodi pande zote mbili. Ukiziba kila mahali umetengeneza oveni juu ya dari, na jioni litashuka lote kwako.

Pamba ya kioo au pamba ya mawe. Ni nzuri, haiungui kirahisi. Inawasha, kwa hiyo glavu, barakoa na nguo za mikono mirefu wakati wa kuweka. Isilowe. Pamba iliyolowa haizuii joto tena, na inaozesha mbao na kushikisha bati kutu. Ziba kwanza panapovuja.

Maboksi, mikeka na ile sponji nyeupe ya kufungashia televisheni. Najua ni bure na zinazuia joto kweli. Lakini kwenye gereji yenye kuchomelea na grenda, hapana. Cheche moja ikiingia juu, moto unakimbia kwenye dari kabla hujatafuta ndoo. Sponji ikiungua inatoa moshi wa sumu na inadondosha matone ya moto. Maboksi nayo ni nyumba ya panya na mende. Ukiona mtu anakushauri hivyo, muulize kama atakuja kuzima.

Kama pesa haitoshi banda zima, usitandaze kidogo kidogo kila mahali. Funika pale mafundi wanaposimama muda mrefu, yaani juu ya meza ya kazi, na juu ya shelfu ya betri na mipira. Mita 3 kwa 3 za foili iliyofungwa vizuri kwenye fremu ya mbao zinabadilisha siku ya mtu.

HATUA YA 4: SASA NDIO FENI

Feni haipoozi chumba. Inampooza mtu kwa kukausha jasho lake. Ndio maana ukiiwasha kwenye chumba kisicho na mtu unachoma yuniti bure. Feni ya wati 75 ikiwaka saa 10 inakula yuniti 0.75. Siku 26 ni yuniti 19.5. Zidisha kwa bei unayonunulia LUKU, halafu zidisha kwa idadi ya feni zako. Hiyo ndio pesa unayolipa kila mwezi kuzungusha joto la bati.

Baada ya hatua za juu, huenda feni moja ikatosha pale ulipokuwa na tatu. Na iweke mahali pake. Feni ya juu kwenye banda lisilo na dari inakushushia ile hewa ya moto iliyojaa chini ya bati. Ni afadhali feni ya kusimama upande wa kivuli, isukume hewa ya nje kwenda ndani, au feni ya ukutani juu nyuma ikitoa hewa nje.

KAMA BANDA SIO LAKO

Hapa ndipo wengi wanaposema "mimi mpangaji tu". Sawa, lakini anayepikwa ni wewe. Fanya hivi.

Piga picha paa lilivyo. Nenda kwa mwenye fremu na makadirio ya fundi yaliyoandikwa, mwambie mzee au mama, hii rangi itaongeza maisha ya bati lako, nakuomba tukate kwenye kodi ya miezi sita ijayo, hata nusu. Bati lililozibwa kutu ni faida yake pia, mkumbushe. Akikubali, muandikishiane, kila mtu abaki na nakala, na risiti zote utunze. Makubaliano ya mdomo yanasahaulika siku ya kodi. Usitoboe ukuta wala kugusa kofia ya bati bila ruhusa yake.

Akikataa, fanya vinavyohamishika. Foili ifunge kwenye fremu yako mwenyewe ya mbao kwa skrubu, siku ukihama unafungua unaondoka nayo.

USISUBIRI PAA LIKAMILIKE NDIO UWALINDE WATU

Wakati unajipanga, kazi nzito peleka asubuhi. Kuchomelea na kushusha injini kuwe kabla ya saa 5, mchana zibaki kazi za mezani. Maji ya kunywa yawepo ndani, sio mpaka mtu aende dukani. Yule kijana anayejifunza kazi hawezi kukwambia bosi nimezidiwa, anaogopa utamuona mvivu. Muangalie wewe. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akipepesuka, mwili ukawa wa moto sana, hiyo sio uvivu wala njaa. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mmwagie maji na kumpepea, na awahishwe hospitali. Kama hajitambui vizuri usimnyweshe kitu.

KWA KIFUPI

1. Pima kwa boksi, udi na kipimajoto.
2. Fungua juu, hakikisha na chini pako wazi.
3. Pakaa nyeupe.
4. Weka foili au dari yenye nafasi na matundu.
5. Feni mwisho, mahali pake.

Fanya hatua moja, pima tena saa 8 mchana, andika, ndio uende nyingine. Kama baada ya hatua mbili ndani pamelingana na kivulini nje, simama hapo, hiyo pesa nyingine nunulia mzigo. Paa haliwezi kukupa ubaridi kuliko kivuli cha nje, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu.

Mtumie hii mwenye gereji unayemjua, hasa yule mwenye feni nne na mafundi wanaokaa nje chini ya mti. Mafundi wake wameshajua tatizo liko wapi.

Kazi njema.